Ferdinand Braun: mwalimu aliyefundisha antena kufanya kazi pamoja, akafia mbali na kwao

Tarehe 20 Aprili 1918, mtaani Brooklyn, mjini New York, alifariki mzee mmoja Mjerumani mwenye umri wa miaka 67. Vita Vikuu vya Kwanza vilikuwa vingali vinaendelea. Marekani, inchi aliyokuja kutoa ushahidi kwenye korti, ilikuwa imegeuka adui wa inchi yake tangu mwaka mmoja, na njia ya kurudi nyumbani ilikuwa imefungwa. Jina lake lilikuwa Karl Ferdinand Braun.

Leo watu wachache wanalikumbuka jina hilo. Lakini kila mara simu inaposhika rezo, kazi yake imo ndani. Alikuwa kati ya watu wa kwanza duniani kuonyesha kwamba antena kadhaa, zikipangiwa saa ya kurusha mawimbi, zinaweza kuyapeleka mahali panapotakiwa na kuyapunguza mahali yasipotakiwa. Kwenye wazo hilo ndipo vinasimama vituo vya simu vya sasa, vyenye antena makumi kwa makumi zinazofanya kazi kama kundi moja.

Mtoto wa mtumishi wa korti

Braun alizaliwa tarehe 6 Juni 1850 katika mji mdogo wa Fulda, katikati ya Ujerumani. Baba yake alikuwa mtumishi wa korti, na nyumba ilikuwa na watoto wengi. Baada ya masomo ya sekondari mjini Fulda, kijana huyo aliingia Chuo Kikuu cha Marburg, kisha akaenda Berlin. Huko, mwaka wa 1872, alipata udaktari wa fizikia kwa kazi juu ya mitetemeko ya nyuzi, namna ile ya nyuzi za gitaa.

Alitaka kubaki chuoni kufanya utafiti. Lakini wakati ule mwalimu kijana wa chuo kikuu cha Ujerumani aliweza kukaa miaka mingi bila mshahara wa kutosha, na Braun hakuwa na mali ya kumtunza. Kwa hiyo alifanya mtihani wa ualimu, na mwaka wa 1874 akaanza kufundisha kwenye shule moja ya sekondari mjini Leipzig.

Kazi ya shule ilimwachia saa chache za utafiti, naye alizitumia. Mwaka huo huo wa 1874, alipokuwa akipima namna umeme unavyopita ndani ya mawe fulani yenye madini na salfa, aliona jambo lisilolingana na vitabu vya wakati ule. Umeme ulipita vizuri upande mmoja, lakini ulipogeuzwa upite upande mwingine, ulipata shida. Jiwe lilikuwa kama mlango unaofunguka kwa ndani tu.

Wataalamu wengi walikuwa na mashaka, wakafikiri labda kuna kosa la upimaji. Braun mwenyewe hakuweza kueleza sababu, na kwa zaidi ya miaka ishirini hakuna aliyepata matumizi ya jambo hilo. Baadaye sana, redio ilipofika, jiwe la namna hiyo lenye waya mwembamba uliogusa uso wake ndilo lililowasaidia watu wa kawaida kusikiliza matangazo bila betri. Na vipande vidogo vya elektroniki vinavyoruhusu umeme upite upande mmoja, ambavyo vimejaa katika kila simu na kila chaji, ni wajukuu wa jiwe lile la Leipzig.

Bomba la kioo lililofungua njia ya televisheni

Kuanzia mwaka wa 1877 Braun alipata nafasi za kufundisha vyuoni, akawa anahama mji kwa mji: Marburg, Strasbourg, Karlsruhe, kisha Tübingen, ambako alisaidia kuanzisha taasisi mpya ya fizikia. Mwaka wa 1885 alimwoa Amélie Bühler, wakazaa watoto wanne. Mwaka wa 1895 alirudi Strasbourg, safari hii kama mkurugenzi wa taasisi ya fizikia. Leo mji huo uko Ufaransa, lakini wakati ule ulikuwa ndani ya Ujerumani tangu vita vya 1870.

Wanafunzi walimpenda kwa sababu aliweza kueleza jambo gumu kwa majaribio ambayo kila mtu aliyaona kwa macho. Hamu hiyo ya kuonyesha ndiyo iliyozaa kifaa kilicholifanya jina lake lijulikane. Mwanzoni mwa 1897, Braun alitangaza bomba la kioo lililotolewa hewa. Ndani yake mlipita mshale mwembamba wa umeme, uliopiga kwenye kioo kilichopakwa dawa ya kung’aa. Sumaku iliyowekwa pembeni ilivuta mshale huo juu na chini, kwa hiyo nukta ya mwanga ikacheza kufuata umeme uliokuwa ukipimwa. Kwa mara ya kwanza, mtu aliweza kukaa na kutazama namna umeme wa mji unavyopanda na kushuka mara makumi kwa sekunde.

Msaidizi wake, Jonathan Zenneck, alikitengeneza kifaa hicho zaidi ili kichore wimbi lote kwenye kioo. Mwaka wa 1907, Mrusi Boris Rosing alikitumia katika majaribio ya kupeleka picha kwa umeme. Televisheni zote za zamani zenye mgongo mkubwa, zile ambazo zilionekana katika nyumba nyingi, zilitumia bomba la ukoo huo. Huko Japani, kioo cha televisheni ya aina hiyo kiliitwa kwa jina la Braun kwa miaka mingi.

Yeye hakuomba hati ya haki ya uvumbuzi juu ya bomba lile. Alilieleza wazi katika jarida la sayansi, na kila maabara iliyotaka ikatengeneza lake. Miaka michache baadaye, ulimwengu wa redio ungemfundisha kwamba si watu wote wanafanya hivyo.

Mtengeneza chokoleti na telegrafu isiyo na waya

Mwaka wa 1898 kundi la wafanyabiashara lilimwendea Braun na swali. Mmoja wao alikuwa Ludwig Stollwerck, tajiri wa chokoleti wa mji wa Köln. Walitaka kujua kama inawezekana kutuma habari kupitia maji bila waya, na kama fedha zao zingefaa kuwekwa humo. Braun alifanya majaribio katika maji ya mitaro ya zamani ya Strasbourg, lakini mara akili yake ikahamia kwenye njia ya hewani.

Wakati huo kijana wa Kiitalia, Guglielmo Marconi, alikuwa tayari anashangaza Uingereza. Mashine yake ilitoa cheche kubwa ya umeme katikati ya antena yenyewe, na cheche hiyo ikarusha mawimbi. Alipotaka kufika mbali zaidi, aliongeza nguvu na urefu wa cheche. Lakini njia hiyo ilikuwa na mpaka. Cheche ikiwa ndefu, inakula nguvu nyingi yenyewe, na wimbi linazimika haraka kama kengele iliyoshikwa na mkono mara tu baada ya kupigwa.

Braun alijiuliza kwa nini cheche ikae ndani ya antena. Aliitoa, akaiweka katika njia yake ya pembeni pamoja na kifaa cha kuhifadhi umeme, kisha akaiunganisha na antena kwa njia ya nyuzi zilizozungushwa, bila cheche kugusa antena. Njia mbili hizo zikapangwa zitetemeke kwa mwendo mmoja, na nguvu ikahama kutoka ya kwanza kwenda ya pili. Sasa wimbi lilidumu, na liliweza kuongezewa nguvu bila kuharibika. Faida nyingine ilionekana haraka: wimbi linalodumu katika mwendo wake mmoja linaweza kutofautishwa na wimbi la jirani. Vituo viwili viliweza kufanya kazi karibu bila kila kimoja kuziba masikio ya mwenzake.

Hati ya uvumbuzi huo ilitolewa mwaka wa 1899. Mwaka uliofuata, kwenye pwani ya kaskazini ya Ujerumani, vituo vya Braun vilikuwa vinazungumza kati ya mji wa Cuxhaven na kisiwa cha Helgoland, zaidi ya kilomita 60 juu ya bahari.

Desemba 1901 Marconi alitangaza kwamba amepokea ishara kutoka ng’ambo ya Atlantiki. Magazeti ya dunia yaliandika jina lake. Lakini mashine zenye nguvu za wakati ule, za Marconi pia, zilikuwa zimekwisha kufuata wazo la kutenga cheche na antena. Hapo ndipo ugomvi wa hati ulipoanza kukua, kampuni moja ikidai haki dhidi ya nyingine. Mwaka wa 1903, serikali ya Ujerumani ilisukuma makundi mawili ya inchi hiyo yaungane, lile la Braun na Siemens na lile la Slaby na Arco lililokuwa upande wa AEG, ili yaache kupigana yenyewe kwa yenyewe. Ikazaliwa kampuni ya Telefunken.

Antena tatu katika uwanja

Mawimbi ya redio yalikuwa na tatizo lingine. Antena moja iliyosimama inarusha mawimbi pande zote, kama taa isiyo na kifuniko. Nguvu nyingi inaenda kusiko na mpokeaji, na kila mtu mwenye mashine anaweza kusikia. Zaidi ya hayo, vituo vikiongezeka, vinagongana hewani.

Mwaka wa 1905, karibu na Strasbourg, Braun na wasaidizi wake walisimamisha antena tatu kwenye uwanja mpana, kila moja kwenye pembe ya pembetatu. Zote zilipewa mawimbi ya mwendo mmoja. Siri ilikuwa katika saa: moja kati ya hizo ilicheleweshwa kidogo sana nyuma ya wenzake, sehemu ndogo tu ya milioni moja ya sekunde.

Ili kuelewa kilichotokea, inafaa kufikiria watu wanaotupa mawe ziwani. Jiwe moja linatengeneza duara za maji zinazoenda pande zote. Mawe mawili yanayoanguka pamoja yanatengeneza duara zinazokutana: mahali ambapo kilele cha wimbi moja kinakutana na kilele cha jingine, maji yanapanda zaidi, mahali ambapo kilele kinakutana na bonde, maji yanatulia. Mtu akichagua saa ya kutupa jiwe la pili, anachagua pia mahali ambapo maji yatapanda na mahali yatakapotulia.

Hivyo ndivyo Braun alivyofanya na antena zake. Upande mmoja wa uwanja mawimbi yaliongezeana nguvu. Upande wa nyuma yaliuana yenyewe, ishara ikadhoofika sana. Na aliposhika kifaa cha kubadilisha, akaipa antena nyingine zamu ya kuchelewa, upande wenye nguvu ukahama. Hakuna nguzo iliyosogezwa. Kilichobadilika ni saa tu.

Kuchelewesha mawimbi kwa kipimo kidogo namna ile kulikuwa kazi ngumu sana kwa vyombo vya wakati huo. Vijana wawili kutoka Urusi waliofanya kazi katika taasisi yake, Leonid Mandelstam na Nikolai Papalexi, walisaidia kupata njia ya kufanya hivyo. Baadaye wote wawili walikuwa watu wakubwa wa fizikia katika inchi yao.

Kwa biashara ya mwaka wa 1905, jambo hilo halikuleta faida kubwa. Mashine hazikuwa tayari, na wanunuzi walitaka umbali kuliko uelekeo. Ilibidi kungoja miaka mingi, hadi rada, kabla ya antena za kundi kuwa chombo cha kila siku.

Zawadi ya Nobel ya watu wawili

Mwaka wa 1909, Zawadi ya Nobel ya fizikia ilitolewa kwa watu wawili pamoja, Marconi na Braun, kwa mchango wao katika kuendeleza telegrafu isiyo na waya. Marconi alikuwa na miaka 35, Braun 59. Mmoja alikuwa mfanyabiashara ambaye hakupitia chuo kikuu, mwingine profesa aliyezeeka maabarani. Wote wawili walifika Stockholm.

Katika mafundisho yake ya siku hizo, Braun hakueleza tu njia ya kutenga cheche. Alieleza pia majaribio yake ya kuelekeza mawimbi kwa antena kadhaa, yale ya uwanja wa Strasbourg. Kwa hiyo wazo hilo limo katika maandishi ya Nobel tangu zaidi ya miaka mia moja.

Vita vinaanza, mawimbi yanakuwa silaha

Agosti 1914 vita vilipuka Ulaya. Katika siku za kwanza Waingereza walikata nyaya za Ujerumani zilizopita chini ya bahari. Kuanzia hapo, Berlin ilitegemea redio ili kuzungumza na ng’ambo.

Vita hivyo vya mawimbi vilifika Afrika. Telefunken ilikuwa imejenga kituo kikubwa katika inchi ya Togo, mahali panapoitwa Kamina, jina sawa na la mji wa Kamina wa Haut-Lomami lakini mbali nao kabisa. Kituo hicho kilikuwa daraja kati ya Ujerumani na makoloni yake. Mwishoni mwa Agosti 1914, Wajerumani wenyewe walikibomoa ili kisiangukie mikononi mwa Waingereza na Wafaransa. Katika eneo la Maziwa Makuu, Wajerumani walikuwa na kituo cha redio Bukoba, kwenye ufuko wa Ziwa Viktoria. Juni 1915 jeshi la Waingereza lilivuka ziwa kutoka Kisumu likaushambulia mji huo, na lengo lake moja kubwa lilikuwa kukiharibu kituo kile. Lilikiharibu, na wakaaji wa Bukoba waliona mji wao ukiporwa.

Kwa upande wa Marekani, ambayo ilikuwa bado haijaingia vitani, Ujerumani ilikuwa na kituo huko Sayville, karibu na New York, kilichojengwa na Telefunken. Kampuni ya Marconi ilifungua kesi ikidai kwamba kituo hicho kinatumia uvumbuzi wake bila ruhusa. Kama korti ingekubali, Sayville ingeweza kufungwa, na moja ya njia chache zilizobaki za Wajerumani kuzungumza na Marekani ingekatika.

Telefunken ilihitaji shahidi ambaye hakuna mtu angeweza kumdharau. Nani zaidi ya mwenye hati yenyewe, aliyegawana Nobel na Marconi? Mwishoni mwa 1914 Braun, akiwa na miaka 64 na afya isiyo nzuri, aliacha familia na taasisi yake. Alivuka bahari yenye meli za kivita pamoja na Zenneck, msaidizi wake wa zamani ambaye sasa alikuwa profesa.

Kesi ilisikilizwa New York mwaka wa 1915. Marconi mwenyewe alisafiri kuja Marekani kwa ajili yake, lakini Mei 1915 Italia ikaingia vitani, akarudi kuitumikia inchi yake. Kesi ikasimamishwa. Julai mwaka huo jeshi la maji la Marekani likachukua usimamizi wa kituo cha Sayville. Sababu iliyomleta Braun ng’ambo ikawa imekwisha bila hukumu.

Kurudi ikawa shida. Meli za Uingereza zilikuwa zinasimamisha na kupekua meli za inchi zisizopigana, na Mjerumani aliyekamatwa aliweza kufungwa. Braun alibaki Brooklyn, ambako mmoja wa wanawe alikuwa anakaa. Aprili 1917 Marekani ikatangaza vita dhidi ya Ujerumani. Zenneck, ambaye alikuwa afisa wa akiba, alikamatwa na kuwekwa kizuizini. Braun, mzee na mgonjwa, aliachwa akae nyumbani, lakini hakuwa na maabara, wala wanafunzi, wala ruhusa ya kuondoka.

Alifariki Aprili 1918, miezi saba kabla ya vita kwisha. Novemba mwaka huo Strasbourg ikarudi mikononi mwa Ufaransa, na taasisi aliyoiongoza kwa miaka karibu ishirini haikuwa tena ya Wajerumani. Hata kama angekuwa hai, asingekuta nyumbani pale alipopaacha. Baadaye majivu yake yalirudishwa Fulda, mji alikozaliwa.

Marconi alifariki mwaka wa 1937. Mwaka wa 1943 Korti Kuu ya Marekani ilitoa hukumu katika kesi nyingine ya hati za redio, ikabatilisha sehemu kubwa ya madai ya hati maarufu ya Marconi juu ya kupatanisha mwendo wa mawimbi, kwa sababu wengine walikuwa wamemtangulia. Ugomvi uliomvuta Braun hadi Brooklyn ulikuwa umewazidi wote wawili umri.

Kutoka uwanja wa Strasbourg hadi mnara wa simu

Leo swali la mawimbi limekuwa swali la wingi wa watu. Hewa ni moja, na mawimbi yanayofaa kwa simu ni machache. Mwaka wa 1948 Mmarekani Claude Shannon alionyesha kwa hesabu kwamba kila njia ya mawasiliano ina kiwango cha juu cha habari inachoweza kubeba, kulingana na upana wa mawimbi, nguvu ya ishara na kelele. Kwa miaka mingi, wahandisi walijaribu kukaribia mpaka huo kwa antena moja.

Katika miaka ya 1990, watafiti wa Marekani, kati yao Gerard Foschini wa maabara ya Bell, walionyesha kwamba antena nyingi kwenye upande wa kutuma na upande wa kupokea zinaweza kuongeza sana kiwango hicho bila kuongeza upana wa mawimbi. Antena zinatuma habari tofauti kwa wakati mmoja, na mashine ya kupokea inazitenganisha kwa sababu kila moja inafika kwa njia yake. Vituo vya kizazi cha tano vinaweza kuwa na antena 64 ama zaidi kwenye bamba moja. Kila antena inapewa saa yake na nguvu yake, ili wimbi limfuate mwenye simu, huku likipungua kwa jirani yake. Ni pembetatu ya Braun, iliyoongezwa idadi na kukabidhiwa kompyuta.

Lakini tatizo moja linabaki, nalo linajulikana na kila mtu anayekaa katikati ya minara miwili. Simu yake inasikia yote miwili, na kila mmoja unakuwa kelele kwa mwingine. Ishara inaonekana ipo, lakini maneno yanakatika na picha hazifunguki. Kuongeza nguvu ya minara hakusaidii, kwa sababu kelele nayo inaongezeka.

Dawa inayotumiwa ni kuifanya minara ishirikiane. Vituo vinaunganishwa kwa nyaya za kasi, vinapewa saa moja iliyo sahihi sana, na vinapashana habari juu ya kila simu iliyo mpakani. Hapo kuna njia mbili kubwa. Ya kwanza, kituo kimoja kinanyamaza ao kinaelekeza mawimbi yake pembeni wakati mwenzake anamhudumia mtu wa mpakani. Ya pili, vituo vyote viwili vinamtumia mtu huyo ishara ileile kwa saa iliyopangwa, ili mawimbi yakutane kilele kwa kilele kwenye simu yake. Kilichokuwa kelele kinageuka msaada.

Kazi hiyo ina bei yake. Nyaya za kuunganisha minara lazima ziwe nzuri, umeme usikatike, na habari juu ya mahali simu ilipo lazima ifike haraka, kwa sababu mtu aliye kwenye pikipiki anahama kabla ya hesabu kwisha. Kadiri minara inayoshirikiana inavyoongezeka, hesabu inakuwa nzito. Kwa hiyo makampuni mengi yanaunda makundi madogo ya vituo vya jirani, badala ya kujaribu kuunganisha inchi nzima.

Alichoacha

Braun hakuona hata kimoja cha vifaa hivyo. Alikufa kabla ya matangazo ya redio kuingia nyumbani mwa watu, na kabla ya bomba lake kuonyesha picha sebuleni. Mali kubwa hakuacha, na watu wengi wanaijua redio kwa jina la mtu aliyegawana naye zawadi.

Alichoacha ni mambo matatu yaliyoanza madogo: jiwe linaloruhusu umeme upande mmoja, kioo kinachoonyesha umeme kwa mwanga, na antena tatu zilizofundishwa kungojeana. La kwanza alilipata akiwa mwalimu wa sekondari mwenye saa chache za ziada. La pili aliligawa bure. La tatu lilikaa karibu miaka mia moja likingoja dunia yenye simu nyingi kiasi cha kulihitaji.

Katika mji wa Fulda kaburi lake lipo.